Maji ya kuku yasigande winta: mwongozo kamili kwa sisi tunaofugia Minnesota na kwingine kwenye baridi kali

Kwetu Makete mwezi wa 6 na wa 7 sakitu inapiga hadi majani ya viazi yanaungua, asubuhi unakuta beseni la kuku limeota ngozi nyembamba ya barafu, unaitoboa kwa kidole, jua likipanda kidogo habari imeisha. Nimekulia hapo nikajiona naijua baridi. Halafu nikahamia Minnesota, nikapata nyumba yenye uwanja nyuma, nikanunua mitetea sita, na mwezi wa 12 asubuhi moja nafungua banda nakuta drinka (chombo cha kunyweshea kuku) ya plastiki imepasuka toka juu mpaka chini, ndani kuna gogo la barafu, na mtetea mmoja mwekundu yuko pale anagonga barafu kwa mdomo, ko ko ko, anainua kichwa vile kuku anavyomeza maji, hakuna kilichoingia, anarudi kugonga tena. Picha ile haijanitoka mpaka leo. Kuku hana pa kulalamika, wewe ndo macho yake.

Waswahili wanaofuga huku tumeongezeka, wapo Minnesota, Maine, Iowa, Kanada, na swali ni lilelile kila Novemba: nifanyeje maji yasigande. Nitaeleza yote ninayoyafanya, lakini shika hili kwanza kabla hujatoa hela dukani: kuku akishapanda kichanja kulala hashuki kunywa mpaka kupambazuke. Kwa hiyo kazi yako ni kuhakikisha maji ni maji kwenye zile saa za mwanga tu, usiku waachie wenyewe walale. Watu wengi wanamaliza pesa kupigana na usiku wakati usiku hakuna anayekunywa. Mwezi wa 12 hapa Minneapolis jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, yaani mwanga hata saa tisa haufiki. Hizo saa tisa ndo vita yako.

Kwanza elewa maji yanagandaje

Ukielewa hapa mengine yote utajitungia mwenyewe. Maji yakishuka kufika nyuzi 0 (farenhaiti 32 kwa kipimo cha huku) hayagandi papo hapo. Chukua lita moja ya maji ya nyuzi 20: kushuka mpaka 0 inabidi yapoteze joto kama kilojuli 84, ila kutoka maji ya nyuzi 0 kuwa barafu tupu inabidi yapoteze kilojuli 334 nyingine, yaani mara nne ya zile za mwanzo. Ndo maana utaona ngozi ya barafu juu mapema lakini chini bado maji kwa muda mrefu. Hapo una nafasi ya kucheza. Maji mengi kwenye chombo kimoja chenye kina yanachelewa, maji kidogo kwenye sahani pana yanaganda unayaangalia.

Upepo nao watu wanauelewa vibaya. Upepo hauwezi kushusha maji mbali chini ya joto la hewa yenyewe, ila unayanyang'anya joto haraka sana, na kwa hiyo chombo kilichokaa kwenye upepo kinaganda mapema kuliko jirani yake aliyekingwa.

Hatua ya 1: jua unahitaji maji kiasi gani

Mtetea anayetaga kwenye baridi anakunywa kama robo lita kwa siku, kiangazi inaweza kufika nusu lita. Kwa uzito anakunywa karibu mara mbili ya chakula anachokula, na chakula chenyewe ni kama gramu 110 hadi 120. Kuku wangu sita basi ni lita moja na nusu, mi naweka mbili. Usipeleke ndoo ya lita ishirini kwa kuku wanne ukidhani unawatendea wema, utabeba barafu nzito kila siku mpaka mgongo ukukatae.

Na kwa nini uhangaike hivi? Yai lenyewe karibu robo tatu ni maji, kuku asiyekunywa hatagi, na akikaa siku nzima bila maji anaweza kusimama kutaga siku nyingi baada ya hapo hata kama umemrudishia. Lakini kwangu kubwa zaidi ni hili: kuku mwenye kiu anapunguza kula, chakula kikiwa kikavu tu kooni hakishuki vizuri, na kusaga chakula ndo moto wake wa usiku. Mwili wa kuku uko kwenye nyuzi 41 hivi, na usiku wa hasi 20 hizo 41 zinatoka kwenye punje alizokula jioni. Maji ya saa kumi jioni ndo blanketi la usiku. Watu wananunua taa za kupasha banda wakati kuku analala na kiu.

Hatua ya 2: chagua pa kuweka

Ndani ya banda au nje kwenye uwanja wao? Mi naweka nje, chini ya kipaa, upande wa kusini wa banda ambako jua la winta linapiga, na pande mbili nimezungushia plastiki nzito ya kukinga upepo. Sababu ni unyevu. Maji ndani ya banda yanatoa mvuke, kuku nao usiku kucha wanapumua unyevu na mavi yao yana maji, mvuke unapanda unaganda kwenye dari na kwenye upanga wa kuku, ile nyama nyekundu ya kichwani. Banda kavu la hasi 15 lina usalama kuliko banda lenye unyevu la hasi 5, na hili watu hawaliamini mpaka wamuone jogoo ana ncha za upanga nyeusi, zimekufa kwa baridi.

Kama huna budi kuweka ndani, sawa, ila kiweke mbali na vichanja, kiinue juu ya tofali moja au mbili hadi kimo cha mgongo wa kuku ili wasichakurie maranda ndani ya maji, na matundu ya hewa ya juu yaache wazi hata kama roho inakusuta kwamba baridi inaingia.

Hatua ya 3: njia za bila umeme

Anza na hizi hata kama umeme unao, manake siku umeme ukikatika ndo zitakuokoa.

Nunua mabeseni mawili ya mpira mweusi, yale mazito ya kulishia mifugo yanayopinda. Uzuri wake ni kwamba barafu ikiganda unapindua, unakanyaga na buti, barafu inaruka nje nzima na beseni halipasuki. Plastiki ngumu itapasuka winta ya kwanza kama ile drinka yangu. Unatumia mawili kwa zamu: moja liko bandani, jingine liko ndani ya nyumba karibu na mlango linayeyuka. Asubuhi unatoka na maji ya uvuguvugu ya bomba la jikoni, unabadilisha, unarudi na lile lililoganda. Usiweke ya moto ya kuchemsha, mvuke wake unawalowesha nyuso na hakuna unachofaidi, uvuguvugu wa kuoshea mikono unatosha. Wangu wakisikia mlango wa jikoni wanakuja mbio, wanapanga vichwa mduara, na kwa dakika kama tano husikii sauti yoyote zaidi ya midomo kwenye maji.

Ukitaka beseni lidumu zaidi, tafuta tairi kuukuu la gari dogo, jaza ndani yake vipande vya lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la tivii, beseni liketi katikati ya tundu likae imara. Hakikisha povu limefungiwa kabisa kwa plastiki au ubao kuku wasilifikie, wanalidonoa kwa fujo na si chakula. Tairi jeusi linanyonya jua mchana, povu linazuia joto lisitoke pembeni. Juu weka kifuniko cha ubao kilichotobolewa shimo la kichwa tu. Kwa baridi nyepesi, ya kuzunguka hasi 5 mchana na jua likiwepo, hii peke yake inanibeba toka asubuhi mpaka mchana. Ikifika hasi 15 inaongeza saa chache tu, basi.

Kuna watu watakuambia utumbukize mpira wa mezani uelee uvunje barafu. Upepo ukiwepo na baridi ikiwa ndogo unasaidia kidogo, baridi ikikaza unakuta mpira wenyewe umegandia katikati. Wengine wanasema weka chupa ya maji ya chumvi ndani ya maji ya kuku. Nilijaribu wiki nzima. Ni kweli maji ya chumvi ndani ya chupa hayagandi, yenye chumvi nyingi yanaweza kushuka mpaka karibu hasi 21 bado ni maji, lakini chupa haizalishi joto lolote, kwa hiyo maji ya nje yake yanaganda kama kawaida na chupa inakaa humo haijui kitu. Na tafadhali chumvi usiweke kwenye maji yenyewe ya kunywa, inawaumiza. Yale maji ya rangi ya kuzuia injini ya gari isigande ndo kabisa, ni sumu, hata tone lililomwagika gereji usiache kuku apite.

Theluji je? Kuku wanaidonoa, utawaona, lakini huwezi kumtegemezea kuku anayetaga kwa theluji. Inabidi ale nyingi sana apate robo lita na kila donge analiyeyusha kwa joto la mwili wake mwenyewe.

Hatua ya 4: njia za umeme, na ipi inamfaa nani

Ya rahisi na ninayoipendekeza kwa mtu mwenye kuku chini ya kumi ni beseni la mbwa la umeme, lile la winta lenye thermostati ndani (kifaa kinachowasha na kuzima chenyewe kufuata joto). La lita tano hivi linakula kama wati 60. Waya wake umefungwa kwa chuma kilichosokotwa kwa sababu mbwa wanatafuna, na kwa kuku hilo ni zuri pia. Unalichomeka, basi. Tatizo lake ni kwamba ni wazi, kuku wanalichafua na wenye ndevu ndefu (zile nyama nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo) wanazilowesha, kwa hiyo nimekata ubao wa duara nikauweka katikati uelee, umebaki mfereji wa upana wa vidole vitatu pembeni, wanakunywa hapo.

Ya pili ni sahani ya kupashia inayokaa chini ya drinka ya bati. Nyingi ni wati 125, inajiwasha ikikaribia kuganda. Soma boksi vizuri, nyingine ni za drinka za bati peke yake, ukikalisha plastiki juu unaiyeyusha. Na kama unatumia drinka ya bati usiweke siki ndani ya maji kama wengine wanavyofanya, asidi inakula ile zinki ya bati. Siki weka kwenye plastiki au mpira.

Ya tatu ni ndoo yenye nipo, vile vichuchu ambavyo kuku akivigonga kwa mdomo vinatoa maji. Hizi nazipenda kwa usafi, maji hayaingii uchafu na ndevu hazilowi, ila chagua nipo za pembeni, zile zinazofungwa kwenye ubavu wa ndoo. Zile za kuning'inia chini zina kipini cha chuma kilicho wazi na tone la maji limeshikilia pale, kinaganda hata kama ndani ya ndoo maji yana uvuguvugu. Ndani ya ndoo unatumbukiza hita ndogo ya kuzama yenye thermostati, iliyoandikwa kwamba inakubalika kwenye plastiki, na ndoo lazima ijae, hita isibaki hewani.

Ile ya balbu ndani ya kopo la biskuti nimewahi kuitengeneza. Balbu ya zamani ya wati 40 ndani ya kopo, drinka ya bati juu, na inafanya kazi (balbu za LED hazifai, hazina joto). Niliitumia mwezi mmoja nikaitoa, kwa sababu kila nikilala nilikuwa nawaza balbu ile na maranda makavu yaliyozunguka. Beseni la mbwa bei yake si kubwa kuliko usingizi wako.

Gharama ya umeme: wati 60 ikiwaka saa 24 ni yuniti 1.44, chukulia yuniti senti 15 ya dola, ni kama senti 22 kwa siku. Wati 125 ni yuniti 3, senti 45. Kwa siku 150 za winta ni kama dola 32 kwa beseni na dola 67 kwa sahani, na hiyo ni kama hazizimi kabisa, wakati thermostati inazizima mara nyingi. Ukitaka kubana zaidi kuna adapta ndogo ya plagi inayojiwasha hewa ikifika farenhaiti 35 na kujizima ikifika 45. Au weka taima ya soketi izime saa kumi na mbili jioni iwashe saa kumi na moja alfajiri, ila kwa baridi ya kutisha usifanye hivyo, hita ndogo ikishaacha beseni lote liwe jiwe inachukua asubuhi nzima kuliyeyusha na kuku wamesimama wanasubiri.

Januari 30, 2019 Minneapolis ilishuka mpaka hasi 28 za farenhaiti, yaani hasi 33 zetu. Siku ile beseni la wati 60 lilikuwa na ukingo wa barafu pembeni pande zote na tundu la maji katikati, ikabidi nitoke kila baada ya saa mbili na birika la maji ya uvuguvugu kuongezea. Kwa hiyo hata mwenye umeme, siku za namna hiyo miguu yako ndo hita ya ziada.

Hatua ya 5: umeme usije ukakuchomea banda

Hapa naomba usome polepole. Banda ni maranda, vumbi, manyoya na mbao kavu, ni kiberiti kinachosubiri.

Zile taa nyekundu za wati 250 za kulelea vifaranga usizitundike kwa ajili ya kuzuia maji kugandia. Zikianguka au kuku akirukia, ndo mwisho. Kuku mkubwa mwenye manyoya yake hazihitaji.

Soketi iwe ile ya usalama yenye vitufe viwili, cha kujaribu na cha kurudisha, inayojikata maji yakigusa umeme. Ijaribu kila mwezi, bonyeza. Ekstensheni iwe ya nje, nene, ya pini tatu, moja tu yenye urefu wa kutosha, usiunganishe tatu zile za ndani za mti wa Krismasi. Vifaa viwe na alama ya UL au ETL, yaani vimepimwa usalama wa umeme. Maungio yote yakae juu, mbali na maranda na theluji, ndani ya kiboksi cha plastiki cha kukinga maji, na waya uuache uning'inie kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke pale chini yasiingie kwenye soketi.

Mwaka wa pili wangu soketi ilijikata usiku kwa unyevu, ikafanya kazi yake vizuri tu, lakini mi sikujua mpaka naenda saa tatu asubuhi nakuta barafu. Tangu hapo nimechomeka kataa kadogo ka usiku kwenye soketi ileile ya banda. Nikiamka nachungulia dirisha la jikoni, kakiwa kanawaka najua beseni lina umeme, kakiwa giza navaa buti kabla hata ya chai.

Hatua ya 6: siku yako inavyoenda

Asubuhi mara kunapopambazuka maji ya uvuguvugu kwanza, chakula baadaye. Saa sita mchana chungulia, vunja ukingo. Saa tisa na nusu au kumi kasoro, kabla giza halijaingia, badilisha tena maji ya uvuguvugu na uwarushie mahindi kiganja kimoja, wanakula, wanakunywa, wanapanda. Hii zamu ya jioni usiikose hata ukikosa ya mchana. Kama unatoka kazini usiku mkae na jirani au mtoto afanye ya jioni, mi mwanangu mkubwa anaifanya akishuka basi la shule. Wakishapanda, kama hutumii umeme, mwaga beseni liache kavu, kesho huna barafu ya kukanyaga. Na hapohapo okota mayai, nayo yanaganda na kupasuka.

Mara moja kwa wiki sugua chombo kwa brashi na sabuni, suuza sana. Chombo chenye uvuguvugu muda wote kinaota utelezi hata winta.

Upanga na ndevu: kuku wenye upanga mkubwa kama Leghorn ndo wanaumia kwanza. Ukiona ncha zimekuwa nyeupe-kijivu usizisugue, mpeleke sehemu isiyo na baridi kali apate joto taratibu, na urekebishe chombo asilowe tena. Ukinunua wapya angalia Chantecler, mbegu ya Quebec iliyoanza kutengenezwa 1908 na mtawa mmoja kwenye abasia (nyumba ya watawa) ya Oka kwa ajili ya baridi ya Kanada, upanga wake ni kifundo kidogo na ndevu karibu hana, hana cha kulowesha.

Bomba la nje lifunge kwa ndani, kwenye beismenti (chumba cha chini ya nyumba), kabla Novemba haijakolea, fungua koki ya nje itoe maji yaliyobaki, na mpira wa maji uumwage wote uuingize ndani. Ukiusahau umejaa, utaupata tena Aprili. Kuanzia hapo maji unabeba kwa magaloni ya maziwa yaliyooshwa, mawili kila mkono, na njia ya kwenda bandani mwagia mchanga au majivu usiteleze.

Aprili usiwe na haraka ya kung'oa waya. Mchana utakuwa unatembea na fulana na usiku bado hasi 3, mi beseni naliacha limechomekwa mpaka mwanzoni mwa Mei, thermostati yenyewe inajua kulala. Likitoka nalikausha, nakagua waya wote kwa vidole kutafuta palipochubuka, palipochubuka naandika kwenye karatasi cha kununua Septemba, halafu naning'iniza juu gereji pamoja na lile tairi.